Siku Ubongo Ulipohama Chunguni

Sogeeni karibu, na wewe unayejikuna goti endelea kujikuna, maana habari yenyewe inahusu mambo kama hayo. Ila msinikatize. Habari hii ina kamba nyingi, na mimi bibi yenu nikikatizwa hupotea, mwishowe nikajikuta namwozesha mtu kwa mume ambaye hajazaliwa.

Kulikuwa na wakati, mbali kuliko babu wa mbali mnayemjua kwa jina, ambapo kichwa cha mtu kilikuwa kitupu. Kitupu kabisa, kama kibuyu kilichokaushwa, na kama kibuyu, kilikuwa na tundu juu, pale utosini, ambalo watu walilifunika kwa kipande cha ngozi ili mvua isiingie. Kazi ya kichwa ilikuwa kubebea kuni, kuvalia kilemba na kutikiswa mtu anapokataa jambo. Upepo uliingia sikio hili ukatokea sikio lile, tena ukipiga mluzi njiani. Msicheke, wapo hata leo ambao ukikaa nao karibu unausikia.

Ubongo ulikuwa nyumbani, chunguni. Mungu alipomaliza kuwaumba watu wa kwanza aliwakabidhi ubongo wao mikononi, kitu laini kama uji ulioganda, kisha akaenda kuendelea na wanyama. Watu wakabaki wanatazamana. Wamwite arudi? Waliona aibu kuonekana hawajui. Hakuna aliyeuliza. Wakafikiri kwamba kitu laini mahali pake ni chunguni, wakafinyanga vyungu, wakatandika jivu baridi, wakaulaza ubongo humo na kufunika. Na mtoto alipozaliwa, ubongo wake ulitoka baada yake kama kondo, bibi mzaa baba akaupokea kwa heshima zote na kuutia katika chungu kipya.

Sasa mtajiuliza, ubongo ukiwa chunguni na mtu yuko shambani, wanaelewana vipi? Kwa kamba. Mama wa mtoto alisokota ugwe wa nyuzi nyeupe kutoka chunguni hadi kisogoni pa mtoto, na hapo kisogoni nyuzi zikaachana, zikaingia chini ya ngozi na kutambaa mpaka kwenye vidole. Nyuzi nyingine zilipeleka habari chunguni: hapa pana baridi, hiki ni kitamu, huu ni mwiba. Nyingine zilirudisha amri: inuka, tafuna, kimbia. Mtoto akikua, ugwe unaongezwa urefu. Wale waliokuwa wakijua kusokota waliheshimiwa kama mnavyowaheshimu madaktari, na nyuzi zenyewe ndizo hizo wanazoziita neva.

Basi hebu fikirieni kijiji kizima, wazee kwa watoto, kila mtu anaburuta ugwe wake. Kisimani ilikuwa vurugu tupu. Kamba ya huyu imepita juu ya kamba ya yule, zimesuguana, nyuzi zimeshikana, na amri zinapotea njia. Mwanamke ana mtungi mkononi, mara anajikuta ameketi chini, kumbe jirani yake ndiye aliyetaka kuketi. Mbuzi akitafuna kamba ya mtu, mtu huyo anashinda ameegemea ukuta, nusu ya mwili imekufa ganzi, mpaka mkewe apatikane amuungie.

Na habari zilichelewa. Mtu aliyekuwa shamba la mbali alijikwaa asubuhi akalia mchana. Kulikuwa na mwanamume mmoja, Luhende, aliyesimuliwa kichekesho kule mashambani, akawatazama waliomsimulia bila hata kutabasamu. Kicheko kilimfikia alasiri, akiwa amesimama kaburini pa mjomba wa mkewe, na kilikuwa kicheko cha kushika mbavu. Wakwe hawakusema naye msimu mzima. Kila alipojaribu kueleza kwamba kile kicheko kilikuwa cha asubuhi, ndivyo alivyozidi kuharibu.

Lakini lililowachanganya zaidi halikuwa hilo. Ni kwamba mtu hakujua hata anachokihisi ni cha nani. Uliamka na huzuni, ukatoka nje kumuuliza jirani, hii ni yangu au ni yako? Jirani naye alikuwa na hamu ya ndizi isiyoelezeka, anazunguka kijijini akimtafuta mwenyewe. Watu walichumbiana kwa mapenzi ya watu wengine. Wazee wakakaa kikao, wakaamua kila mtu apitishe kamba yake upande mmoja wa njia, na matokeo yake kamba zote zikalundikana upande huo. Mimi mwenyewe, nikifika hapa katika kusimulia, kichwa huniuma, na sijui kama kinaniuma mimi.

Na pumzi pia iliamriwa kutoka chunguni, moja moja, vuta, toa, vuta, toa. Ubongo ukizama katika mawazo unasahau, na mwenyewe huko aliko anaanza kubadilika rangi. Watu walizoea kupigana migongo njiani. Ilikuwa ndiyo salamu.

Mke wa Luhende aliitwa Milembe. Huyu ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa msokota kamba hodari kuliko wote, mikono yake ikiunga ugwe uliokatika kabla mgonjwa hajamaliza kuanguka. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Sado, aliyekuwa ameanza kutambaa. Na kwa kuwa Sado alikuwa mwana wa kwanza, chungu chake kilikaa kwa mama mkwe, Mbuke, ng'ambo ya kijito. Ndivyo desturi ilivyotaka: chungu cha mwana wa kwanza kiko kwa bibi mzaa baba, na hakihamishwi. Kwa hiyo ugwe wa Sado ulitoka uani kwa mama yake, ukateremka bondeni, ukapita kwenye mawe ya kivukoni ambako kila mtu alipitisha kamba yake, ukapanda hadi nyumbani kwa bibi. Milembe hakuupenda urefu ule, ila alikuwa mkwe, na mkwe hasemi kila anachokiona.

Siku moja, mchana wa jua kali, Milembe alikuwa anatwanga mtama uani. Sado akatambaa hadi jikoni, kwenye mafiga, akaona kaa la moto limedondoka kando, linang'aa vizuri. Akalishika. Milembe alipogeuka alimkuta mtoto ameketi, amelikumbatia kaa kwa vidole vyake vyote, analitazama na kutabasamu.

Aliupiga ule mkono kaa likaanguka. Vidole vilikuwa vimeshaungua. Akavitia kwenye maji, akavipaka asali, akavifunga kwa jani. Na mtoto, muda wote huo, alikuwa anacheza na shanga za mama yake. Hakulia hata kidogo. Huko bondeni, mzee mmoja aliyekuwa anakula ugali wake kwa amani alirusha bakuli, akaruka na kuanza kupuliza kiganja kisicho na kitu, maana kamba yake ilikuwa imeshikana na ya Sado pale kivukoni, na sehemu ya ule moto ilimfikia yeye.

Jua likaelekea upande wa pili. Sado alikuwa ananyonya, macho yanalegea, ndipo maumivu yalipofika. Alijirusha mapajani mwa mama yake kama samaki aliyetolewa majini. Alilia kilio ambacho Milembe hakuwahi kukisikia, akiukunjua na kuukunja ule mkono, akitaka kuutoa kwenye moto ambao haukuwepo tena. Milembe alimbembeleza, alimpulizia, alimwimbia. Hakuna alichoweza kufanya. Moto ulikwisha kuzimwa, na mtoto wake ndiyo kwanza anaungua. Hapo akaogopa kweli, kwa sababu alielewa kwamba mtoto huyu anaweza kuingia jikoni mzima mzima na kukaa humo akitabasamu, na yeye mama yake, siku moja, atakuwa amekwenda kuchota maji.

Akamfunga mgongoni akaufuata ugwe kuteremka, kuvuka, kupanda, hadi kwa mama mkwe. Mbuke alikuwa mwanamke wa makamo, mnyoofu wa mgongo na wa maneno, na vyungu alivyopewa kuvitunza alivitunza kwa wivu. Milembe alipiga magoti, akasalimu, akaeleza yaliyotokea, kisha akasema alichokuja kusema, kwamba anaomba chungu cha mwanawe.

Mbuke alimjibu kwa upole, lakini alimjibu kwamba haiwezekani. Chungu cha mwana wa kwanza hakitoki. Mama yake mkwe hakukitoa, na mama mkwe wa huyo naye hakukitoa. Akanyoosha mikono akampokea mjukuu, akakitazama kile kidonda chini ya jani, na uso wake ukabadilika.

"Aliungua wakati gani, mama Sado?"

"Mchana, mama. Nilikuwa natwanga."

Mbuke aligeuka akakitazama chungu kilichokuwa pembeni mwa chumba. Juu ya kifuniko chake palikuwa na jiwe la kusagia. Akasema, taratibu sana, kwamba mchana ule chungu kilianza kutikisika. Kilitikisika mpaka kifuniko kikagonga. Yeye alidhani ni mjusi.

"Nikakiwekea jiwe," alisema. "Mjukuu wangu alikuwa ananiita, nami nikamwekea jiwe."

Akalia, Mbuke ambaye watu hawakuwahi kumwona akilia, isipokuwa mara moja, na baadaye ilijulikana kwamba kilio kile kilikuwa cha mtu mwingine. Kisha akajifuta kwa upindo wa nguo, akaliondoa lile jiwe, akakileta chungu mwenyewe na kukiweka chini mbele ya mkwe wake. Akamwambia akipeleke anakotaka, ila amwambie ni wapi, kwa sababu popote atakapokiweka mtoto atatambaa na kukiacha.

Milembe akagusa utosi wa mwanawe.

Mbuke alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kichwani? Kichwani watu huweka kuni. Milembe alijibu kwamba hata yeye hajui kama inafaa, lakini hajaona mtu aliyesahau kichwa chake nyumbani. Mbuke akauliza, na kamba? Kutoka kichwani hadi kisogoni ni shubiri moja, na ugwe huu unavuka bonde. Milembe akasema ataukata. Hapo wote wawili wakamtazama mtoto, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mtu akikatiwa ugwe hapumui mpaka uungwe, na kuunga ugwe ni jambo moja, kuhamisha ubongo ni jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

Walimlaza Sado kifudifudi kwenye mkeka, mlangoni penye mwanga. Mbuke alikaa upande wa kichwa, Milembe upande wa mgongo. Milembe akakata.

Mtoto alilegea kama nguo mbichi. Mbuke akautoa ubongo chunguni kwa viganja viwili na kuutia utosini, ukakataa kuenea. Ulizoea kujitandaza juu ya jivu, na kichwa kilikuwa kidogo. Mbuke hakuwa na muda wa kufikiri, akaukunja. Akaukunja tena na tena, kama mwanamke anayelazimisha nguo zote ziingie kwenye kapu moja, mpaka ukaingia umejaa mikunjo. Chini ya chungu kilibaki kipande kidogo kilichokuwa kimegandamana na kitako. Alitaka kukiacha. Milembe akamwambia asitupe chochote cha mtoto, basi akakishindilia nyuma, pale kisogoni. Kipande hicho kilikuwa kimeishi chini kabisa ya chungu, na kila chungu kilipoinama kidogo ndicho kilichotangulia kujua.

Sasa ugwe. Milembe hakutaka kuuacha ukining'inia, akapapasa mgongo wa mtoto akitafuta mahali pa kuuficha. Mnajua vile vifupa vya mgongo vilivyopangana kama shanga. Vilikuwa na matundu tangu mwanzo, na hakuna aliyejua matundu yale ni ya nini, wengine wakisema Mungu alikuwa amechoka siku ile. Milembe aliusukuma ugwe katika tundu la kwanza ukapita. Ukapita la pili na yaliyofuata, wala haukukwama popote, ukashuka mpaka karibu na kiuno, na nyuzi zikachomoza pande zote mbili, kushoto na kulia, kwenda zinakohitajika. Alishangaa mikono ikasimama. Mahali palikuwepo. Tangu siku ya kwanza mahali palikuwepo, na watu walikuwa wanaburuta kamba bondeni kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Mama Sado, anakuwa mweusi," alisema Mbuke.

Milembe akashika ncha mbili, ile ya juu na ile ya mgongoni, akaunga kwa haraka aliyoijua yeye. Na hapo ndipo alipokosea. Msokota kamba akiunga, mikono yake hupishanisha: nyuzi za kulia hupita kushoto, za kushoto hupita kulia, ndipo anapovuta. Asipofanya hivyo kiungo huteleza. Mikono ya Milembe ilikuwa imefanya hivyo maisha yake yote, na siku ile, naye akilia na mwanawe hapumui, mikono haikumuuliza. Ikapishanisha, ikavuta, ikakaza.

Wakafunika utosi kwa ngozi, wakamgeuza mtoto. Macho yake yakafumbuka. Lakini kifua kilikuwa kimetulia tuli.

Kumbe ubongo ulikuwa umechanganyikiwa. Maisha yake yote ulikaa gizani kwenye jivu, ukiletewa habari zilizochakaa kwa safari. Sasa ghafla umepata madirisha mawili usoni, unaona paa, unaona uso wa bibi, unasikia kuku, na kila kitu kinatokea wakati uleule. Ulikuwa unatazama. Umesahau pumzi kabisa.

Milembe akamketisha, akainama nyuma yake, akaweka midomo yake kisogoni pa mwanawe, akasema na lile fundo alilolifunga.

"Wewe fundo, nisikilize. Huyu wa juu ana mengi ya kutazama. Usimngoje. Vuta pumzi wewe. Piga moyo wewe. Akilala, endelea. Akisahau, endelea."

Kisha akateremsha midomo hadi mgongoni.

"Nawe ugwe, ukiletewa habari ya moto, usiipeleke juu kwanza. Utoe mkono. Ukishautoa, ndipo uende ukaseme."

Mbuke, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alishindwa kujizuia. Akamwambia kwamba haijawahi kusikika kamba ikakata shauri bila kuuliza chungu.

"Basi leo itakata," alisema Milembe.

Na kifua cha mtoto kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena, peke yake, huku mtoto mwenyewe akimtazama kuku.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yakaisha hapo, lakini hayakuisha. Sado alirudi nyumbani hana kamba, na watu walikuja kumzunguka kama wanaotafuta mlango wa nyumba. Akitaka kushika kikombe kwa mkono huu, uliinuka ule. Milembe alielewa alichokifanya, akataka kufungua kiungo aunge upya, Mbuke akamkataza kabisa, akamuuliza akikata tena nani atamhakikishia pumzi itarudi. Wakaacha. Na ubongo, baada ya kubabaika kwa muda, ukajifunza kwamba habari za kulia sasa zinaletwa kushoto na za kushoto zinaletwa kulia, ukazoea. Kile kipande cha kisogoni kikamsaidia mtoto asianguke, naye akaanza kusimama akishika ukuta.

Jambo moja tu lilimnyima Milembe raha. Mtoto hakulia. Tangu siku ile alikuwa anatazama, anasikiliza, anacheka mara mojamoja, lakini kulia hapana. Kidonda cha mkono kilikuwa kimeanza kupona, pengine hakimuumi. Pengine nyuzi za maumivu zilikatika wakati wa kusukuma ugwe. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amemharibu mtoto, amemfanya kibuyu chenye macho. Luhende alimtetea mkewe hadharani, ila nyumbani alikaa kimya. Mbuke akashauri, kwa sauti ya chini, wajaribu na kaa dogo, mara moja tu, wajue. Milembe hakuweza. Angewezaje kuupeleka mkono uleule motoni kwa mkono wake mwenyewe? Na asipojua, atalalaje? Alikuwa anaamka asubuhi akijiambia kwamba alifanya vizuri, na mchana anajiambia kwamba amemuua mtoto polepole, na hakujua hata moja kati ya mawazo hayo kama ni lake au limemfikia kwa kamba ya jirani.

Basi ikawa siku ya kupika pombe ya mtama, uani pamejaa wanawake na kamba zao. Milembe alikuwa upande wa ghala, anapepeta. Akainua macho akamwona Sado amefika kwenye mafiga. Mtoto ameinama. Kaa lipo kando, linang'aa.

Milembe akataka kukimbia, na miguu ikakataa. Mwanamke mmoja mwenye mtungi mzito alikuwa amesimama juu ya ugwe wake, anazungumza na mwenzake, hana habari. Milembe akataka kupaza sauti, sauti nayo ikakwama kwenye ileile kamba. Alisimama pale na ungo mkononi, akatazama mkono wa mwanawe ukinyooka, ule ulioungua, ukinyooka kidogo, kidogo tena, vidole vikikunjuka.

Vidole viligusa. Na mkono ukaruka.

Uliruka wenyewe, mpaka ukafika begani, kabla uso wa mtoto haujabadilika hata kidogo. Bado alikuwa anatabasamu. Kisha akaugeukia mkono wake na kuutazama kwa mshangao mkubwa, kama kitu cha mtu mwingine kilichomrukia, maana hakuwa ameutuma kokote. Alibaki hivyo kwa kitambo kifupi sana, hajui kilichotokea, na mama yake kule kando ya ghala naye hajui.

Halafu mdomo ukaanza kukunjamana, machozi yakaja, na Sado akalia. Alilia palepale, moto ukiwa bado unaonekana, kwa ajili ya kidole chake mwenyewe, kwa wakati wake mwenyewe. Yule mwanamke mwenye mtungi akashtuka, akasogea, kamba ikaachiwa, na Milembe akaja mbio hata ungo hajautupa. Alimwinua mtoto akamkuta na alama ndogo kuliko punje ya mtama. Akaanza kucheka. Mtoto anaangua kilio na mama yake anaangua kicheko. Mbuke alipofika naye akacheka, akiwa ameshika kiuno, machozi yanamtiririka, na wanawake wote pale uani wakashika kila mmoja kamba yake na kuivutavuta, wakidhani zimeshikana tena.

Walipoelezwa wakaelewa, wengine polepole. Walianza kuleta vyungu, mmoja mmoja kwanza, kisha kwa kusukumana, na Milembe akawaunga wote, wakubwa kwa wadogo, kwa mkono uleule wa kupishanisha, kwa sababu sasa hakuthubutu kubadilisha kilichofanya kazi. Watoto waliozaliwa baadaye walikuja ubongo umo ndani tayari.

Na tangu siku hiyo ubongo unakaa kichwani, umejaa mikunjo. Nusu yake ya kushoto ndiyo inayotawala mkono wa kulia, na ya kulia mkono wa kushoto, na daktari akikwambia ugonjwa wa mkono huu uko upande ule wa kichwa, usimbishie. Pumzi huja umelala. Utosi wa mtoto mchanga ni laini, unapigapiga ukiuwekea kidole, kwa hiyo msiuwekee. Ugwe umo mgongoni, na ukigusa sufuria ya moto utajikuta umeshatoa mkono kabla hujajua umeungua.

Kuchanganyikiwa hakukuisha, msidanganyike. Kulihamia ndani tu. Zamani kamba zilipotatana, jirani alikuja mkafungua pamoja. Siku hizi zinatatana humu ndani, na jirani anakuona umekaa, anadhani umepumzika. Hilo sikulipenda tangu niliposimuliwa, na sina la kulifanya.

Lakini mtoto anapozaliwa, wanawake waliomo chumbani hunyamaza wote. Humtazama yule mdogo aliyelowa, ametoka gizani sasa hivi, ametoa macho, hajui lipi aanze nalo, na kila mmoja anangoja. Anayezaa anangoja kuliko wote. Kisha mtoto hulia kwa uchungu wake wote, na wao, wote kwa pamoja, hucheka.